Maji Yaliyolala

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nakuamkia kwa heshima, nikitumai goti lako limepata nafuu na waweza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini usianze kulia.

Barua yako imefika pamoja na ile fomu ya uhamisho. Nimeelewa: Ami amenipatia nafasi katika shule moja ya Ganjoni, karibu na nyumbani, na fomu irudi kabla muhula haujafungwa. Nitakujibu, ila kwanza nikueleze lililotokea huku.

Unajua nilivyofika. Miaka miwili chuoni, mwaka mzima wa kuisubiri Tume ya Walimu inipe kazi huku nikifundisha chekechea, kisha barua ya kunileta huku nyuma ya Kinango. Nikapewa darasa la kwanza, watoto arubaini na mmoja, na chumba cha mabati nyuma ya ofisi. Desturi ya hapa, watoto humletea mwalimu wao maji kwa zamu, kila mmoja na kidumu chake. Mtungi niliukuta mlangoni.

Nami nikafanya ulivyonifunza. Kila asubuhi nikayamwaga maji yaliyolala, nikausugua mtungi, nikaufukiza ubani, nikangoja mapya. Nilijiona msafi kweli. Na waliochelewa nikawaandika kwa wino mwekundu, maana mwanao ni mkali.

Mwezi wangu wa pili huku, Sidi akaacha kuja. Ndiye aliyekuwa akisoma vizuri kuliko wenzake wote. Nikaenda kwao kuuliza kama anaumwa. Mamake hakunipa hata kiti.

"Mwalimu," akasema, "mwanangu huamka jogoo hajawika, akateke maji lamboni, ndipo aje shule. Amekuona ukiyamwaga. Nilimtuma kusoma, sikumtuma jasho lake likamwagwe."

Nikamwambia sikujua.

"Hukuuliza. Na wewe utaondoka tu, kama waliokutangulia. Mwache anisaidie mimi."

Jumamosi nikamfuata Sidi lamboni na kidumu changu. Ni mwendo wa saa nzima, Mama, na saa nyingine kurudi, na maji yenyewe yana rangi ya chai ya maziwa. Nilipumzika mara nne. Sidi, wa miaka saba, alinisubiri mara zote nne na wala hakunicheka. Niliona haya hasa.

Tangu hapo najitekea mwenyewe. Mwalimu mkuu amecheka, akasema walimu wa Mombasa wana mambo. Mtungi nauosha ukishakwisha maji.

Jumatatu iliyopita mamake Sidi alimleta mwenyewe hadi mlango wa darasa. Hakunisalimu. Aliniuliza mbele ya watoto wote, "Mwaka ujao utakuwako?"

Nikasema nitakuwako. Nilisema kabla sijafikiri, na nilipofikiri sikutaka kulirudisha neno langu. Kwa hiyo fomu nairudisha ndani ya barua hii, sikuijaza. Niombee radhi kwa Ami. Najua alihangaika, na najua wewe ulishanitandikia kitanda. Nimelia, sikufichi.

Nisalimie nyanya, na dada Mwanaisha, umwambie anitumie vitabu vya picha ambavyo wanawe hawajavirarua. Wasalimie na majirani wa chini wanaouliza nitaolewa lini.

Idi nitakuja, inshallah, siku tatu. Tafadhali usimwambie mtu kwamba nimerudi; sema nimekuja kutembea.

Mwanao akupendaye,
Rukia