Bibi, Nzi Wako Amepata Jina

Biharamulo, Jumapili mchana

Bibi yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Najua safari hii huitikii, basi marahaba yangu naichukua mwenyewe, kama ulivyokuwa ukinitania nikichelewa kukuamkia dukani: "Mimi nimeshajiamkia na kujiitikia, wewe endelea na safari yako."

Nina habari, na sitaki kuizungusha. Yule nzi aliyemo ndani ya tasbihi yako ni wa aina ambayo hakuna mtu duniani aliyewahi kuiandika. Nimeiandika mimi, mjukuu wako Saada, mtumishi wa ofisi ya mbung'o. Wewe ndiwe uliyekuwa ukiwaambia wateja kwamba nimesomeshwa hadi chuo kikuu ili nije kuhesabu nzi. Walicheka, na wewe ukacheka kuliko wote. Haya, cheka tena.

Unakumbuka nilipokuwa mdogo ulivyokuwa ukiisugua ile punje yenye nzi kwenye kanga yako mpaka ipate joto, kisha unaishusha juu ya vipande vya karatasi ya kufungia chumvi, navyo vinaruka na kunasa? Nilidhani ni uganga wako binafsi. Tasbihi ilitoka kwa babu yako, aliyeingia bara kutoka pwani na misafara, na nyumbani sote tuliamini ni ya sandarusi, ule utomvu mkavu wa miti ya pwani. Sasa nimeidondoshea tone la spiriti. Sandarusi ingelainika na kunata kidoleni, hii haikunata. Ni kaharabu, Bibi. Ni utomvu wa miti ya nchi za mbali iliyokufa zamani mno, ukakaa ardhini mpaka ukawa mgumu, na nzi wako alinasa humo wakati binadamu bado hajakuwapo.

Lakini samli yako nusura initie aibu. Kila Alhamisi ulichovya kidole kwenye samli ya wafugaji wa Nyakahura, ukaipaka tasbihi punje moja moja ili ing'ae kwa ajili ya Ijumaa. Sisimizi walikuwa wakikufuata mpaka kwenye mswala. Basi nilipoitia punje chini ya darubini, nikaona bawani mshipa wa ajabu, mrefu, umepinda, ambao nzi hana sababu ya kuwa nao. Nikauchora kwa wino, nikaupeleka mchoro kwa mama mmoja wa ng'ambo ambaye kazi yake ni wadudu wa kaharabu tu. Akajibu kwa furaha kubwa kwamba mshipa wa namna hiyo haujapata kuonekana. Furaha yake ikanitia wasiwasi. Nikaiosha punje kwa sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu, na mshipa wote ukaondoka na povu. Ilikuwa samli, imeingia kwenye ufa mwembamba ikagandia humo. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Nikamwandikia yule mama kwamba mshipa ule ulitoka kwa ng'ombe wa Nyakahura. Hakukasirika.

La kushukuru ni kwamba samli ilipotoka ndipo nilipomwona nzi mwenyewe. Niliizamisha punje katika shira ya sukari, maana shira huondoa ule mng'ao unaolisumbua jicho, nikachora upya. Ni mdogo kuliko punje ya ulezi. Bawa moja amelinyanyua, jingine amelilalia. Mshipa wake wa kweli, ule wa katikati, unakatika kabla haujafika ukingoni mwa bawa. Kwa ndugu zake wote wanaojulikana unafika. Miguu yake ya nyuma ina vinywele vigumu ambavyo wenzake hawana. Mama wa ng'ambo alikagua, akauliza maswali mengi, mwisho akakubali: huyu ni mgeni kabisa.

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Aina mpya haipokelewi kwa mchoro peke yake. Mdudu mwenyewe lazima awekwe kwenye jumba la makumbusho, akae huko moja kwa moja, ili yeyote mwenye shaka aende akamtazame. Yaani punje itoke kwenye uzi na isirudi. Na tasbihi iko kwa Baba Mkubwa Shabani, mwanao wa kwanza. Kila alfajiri anaivutia uradi na kukuombea. Mimi alikuwa ananiazima Jumamosi, kwa sharti irudi kabla ya magharibi. Nilipomweleza habari ya makumbusho akasema, "Saada, kwa mama nimebaki na kamba hii tu. Unataka niikate?"

Nilirudi nyumbani nikalia, nikidhani namlilia nzi, kumbe nakulilia wewe. Nimekukumbuka vibaya mwaka huu, Bibi. Kuna siku nanunua sukari dukani kwetu na mkono wa anayepima si wako, nami natamani kumnyang'anya mizani.

Ikafika hitima ya mwaka wako. Bibi Felista, shoga yako wa Kibimba, alishuka kwenye lori na mkungu wa ndizi, rozari yake shingoni, akaenda moja kwa moja jikoni na kuanza kuamrisha watu namna ya kumenya. Wanawake wakamwachia jiko, maana nani angeshindana naye. Baba Mkubwa alipopita uani akilalamika kwamba mjukuu anataka kuivunja tasbihi ya marehemu, yule bibi akajifuta mikono, akamkalisha chini na kumwambia jambo ambalo hatukulijua hata mmoja wetu.

Ni kwamba ule mwaka wakimbizi walipofurika Ngara, wewe ukiuza sukari na sabuni karibu na kambi, ulimkuta mzee mmoja wa Buyenzi, kule Burundi, amelala kwenye hema la wagonjwa, anahesabia uradi wake kwa kokoto. Tasbihi yake ilipotea wakivuka mto. Ukamwachia yako. Ilikaa kambini mpaka mzee akafariki, ndipo watu usiowajua wakaipitisha mkono kwa mkono hadi ikakurudia dukani. Baba Mkubwa wakati huo alikuwa Mwanza kwenye biashara za malori, na wewe hukumwambia. Nadhani hukuona kama ni jambo la kusimulia.

Bibi Felista akamalizia kwa ule ulimi wake uliokuwa ukiuiga mbele yake, mkacheka wote wawili: "Mwanangu Shabani, mama yako hakumkataria mtu. Tasbihi irikuwa kwa wenye shida, yeye anahesabu kwa vidore, na Mungu wake arimsikia tu."

Baada ya dua, wageni wakiwa bado kwenye pilau, Baba Mkubwa aliniita uani, akatoa wembe na kuukata uzi mwenyewe. Punje zikamwagika kwenye sinia. Akaitafuta ile moja, akaishika juani akamtazama nzi kwa muda mrefu, akaifunga kwenye karatasi na kunikabidhi. "Waambie wasiipake samli," akasema.

Jina nimempa lako. Kwa desturi yao limeongezewa mkia wa Kilatini, lakini Mwanaidi umo ndani mzima mzima. Baba Mkubwa aliguna kidogo, mama yake kupewa nzi. Nikamweleza kwamba kuanzia sasa yeyote atakayemwandika nzi huyu, awe Ulaya au Japani, hata kama hajui Biharamulo iko upande gani, itambidi amtaje kwa jina lako. Akafikiri, akataka kujua kama hao Wajapani wataweza kulitamka. Nikamwambia watajifunza.

Mengine ni haya. Malori yaliyokuwa yakileta watu sasa yanawarudisha Burundi, na vumbi la Nyakahura ni lile lile, limegeuza uelekeo tu. Unga wa njano wa msaada umeadimika gulioni na wateja wako wanausikitikia, wale wale waliokuwa wakiusema vibaya. Turubai za kambini zinaezeka mabanda ya kuku. Kaburi lako tumelipalilia, na Bibi Felista kaniagiza nikuambie kwamba goti lake limepona.

Jana nilikwenda kwa Baba Mkubwa baada ya sala ya alfajiri. Ameitunga tasbihi upya. Nilikuwa nimemtafutia punje nyingine, nzuri tu, ya kujaza mahali pa ile iliyoondoka, akaikataa. Ameacha uzi mtupu pale, na kifundo kila upande ili zilizobaki zisiteleze. Nikakaa kumsikiliza akivuta uradi. Vidole vinakwenda, vinakwenda, mpaka vinafika palipo wazi, anasimama. Anakuombea, kwa jina. Kisha anaendelea.

Pumzika, Bibi. Siku tasbihi hiyo itakaponifikia mimi, nakuahidi, mahali pale sitapaziba.

Mjukuu wako,
Saada