Mama Ambaye Hatukumwona Akilia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unashuka kihambani, kwenye migomba yetu, bila fimbo. Mimi ni mzima, joto tu la huku ughaibuni linatutesa hapa getini tunapolinda. Barua hii anakuletea mwenzangu wa Machame anayekuja likizo. Kwenye simu maneno haya yananikwama.

Ijumaa iliyopita, siku yetu ya mapumziko, walinzi wenzangu wa Nepali walitundika shuka ukutani wakaonyesha filamu ya kwao inayopendwa sana, ya wanajeshi na familia zao. Bishnu, ninayelala naye chumba kimoja, alikuwa ananitafsiria. Nilidhani itakuwa ya bunduki tu, kumbe zaidi ni ya wanawake waliobaki nyumbani. Mmoja analetewa habari kwamba mumewe ameuawa. Anawashukuru waliomletea, anarudi jikoni, anawapakulia watoto wali.

Nikamwambia Bishnu, "Huyu mama ana moyo mgumu."

Bishnu akasema, "Baba yangu alikuwa mwanajeshi. Mama alitupakulia hivyohivyo. Nilikuja kujua ukubwani kwamba alikuwa analilia kisimani, akichota maji."

Nilitoka nje, Mama. Nilikumbuka siku wale askari wawili wa kikosi cha Baba walipokuja Marangu kutuambia hatarudi. Uliwapa viti, ukawapa chai, kisha ukachukua panga ukaenda kumkatia ng'ombe majani. Ulikaa huko kwenye migomba mpaka muda wa kukamua ukapita. Nilikuwa na miaka tisa. Uliporudi na macho makavu, nikaamini hukumpenda.

Nikakua na hilo moyoni. Na mwezi uliopita, ulipomkataza Prosper kujiunga na jeshi, nikakutupia lile neno: "Unamzuia mdogo wangu kwa uchungu gani, wakati hata Baba hukumlilia?" Ukakata simu.

Nisamehe, Mama. Nilisema nisichokijua.

Jana nimempigia Prosper. Alianza kubisha. "Kaka, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo, na uamuzi ni wako," nikamwambia. "Lakini kabla hujaondoka kaa na Mama, umuulize siku ile kwake ilikuwaje. Miaka yote hii hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza."

Akasema atakaa nawe.

Ningekuwa nyumbani ningekuja mwenyewe na jani la isale mkononi, kama wanavyofanya watu wetu wanapoomba msamaha. Nimemwagiza Prosper alikate pale mpakani, akuletee kwa jina langu. Najua mila haikuruhusu kulikataa, lakini mimi nakuruhusu. Lipokee siku moyo wako utakapokuwa tayari.

Mpe Bibi shikamoo yangu. Shangazi Eliaichi, anayekusaidia kukamua, mwambie namshukuru.

Mwanao aliyechelewa kuuliza,
Anselmi