Jiwe Lililopita na Wacera Kurudi Shule

Mtaa wa Mbotela,
Nairobi.
28 Mei 1989

Mpendwa wifi Jecinta,

Natumaini unaendelea vyema huko Lodwar na joto halijakuzidi. Mguu unaendeleaje? Sisi tu wazima. Mabati ya jikoni hayavuji tena.

Nianze na la muhimu, usije ukakata tikiti ya basi. Wacera amerudi shule. Huna haja tena ya kuja kumchukua akae kwako.

Unakumbuka alivyosikia redioni kwamba jiwe kubwa la angani lilipita karibu na dunia mwezi wa Machi, na wataalamu hawakuliona mpaka lilipokwisha kupita. Shule zilipofunguliwa alikataa kuniacha. Alishinda nami kibandani ninapouzia mboga, ameshika leso yangu. Jirani yetu Batulo alimtania, "Wacera, hiyo jiwe ikija Mbotela itakosa mahali ya kuanguka, nyumba zimejaa." Hakucheka. Sote tulimwambia halirudi, naye akazidi kunishikilia.

Jumanne mwalimu wake, Bwana Aloo, alipita kutuona. Wacera akamuuliza kama jiwe litarudi. Nilimkonyeza aseme hapana.

"Litapita tena, mama," akamwambia Wacera. "Linazunguka jua kama sisi. Kila likitukaribia, dunia inalivuta kidogo na njia yake inabadilika. Ndiyo maana hesabu yake inarudiwa. Kwa hesabu ya sasa, halitugongi."

"Na hesabu ikibadilika?"

"Nikisikia, nitakuambia wewe kwanza."

Aliachilia leso, wifi. Nikakumbuka kaka yako alipolazwa, tulivyomwambia mtoto kuwa baba anarudi Ijumaa. Ijumaa hiyo Wacera alimpigia baba yake viatu rangi, akavipanga mlangoni.

Mwalimu alipoondoka nilimweleza Wacera ukweli: kwamba daktari alikuwa ameniambia mapema kuwa baba hatapona, nami nikaogopa kusema. Akauliza kama baba mwenyewe alijua. Nikamwambia alijua. Alilia, nami nikalia, kisha akaomba chai.

Asubuhi alivaa sare bila kuambiwa. Akasema, "Nitarudi saa kumi," akaenda bila kugeuka nyuma. Saa kumi alirudi, soksi zimejaa matope, akilalamika njaa. Sijui nikueleze vipi nilivyopumua.

Nisalimie Bwana Kinyanjui, na Chege mdogo umbusu kwa niaba yangu. Mungu aendelee kuwafunika nyote. Mkipiga magoti jioni, mtukumbuke.

Mimi wifi yako nikupendaye,
Nduta