Fundo la Hamsini na Mbili

Kisangani, tarehe 2 Juni 2025

Mdogo wangu Rolly,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye maporomoko. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Sisi hatujambo. Mke wangu Ursule anakohoa kidogo asubuhi, na binti yetu Mamie, ambaye hujawahi kumwona, ameng'oka meno mawili ya mbele na anaringia pengo lake. Najua unashangaa. Miaka tisa hatujaandikiana hata salamu ya Noeli. Ningeweza kutafuta namba yako ya simu, ila najijua: nikisikia sauti yako nitauliza bei ya samaki Ubundu, kisha nitakata.

Unaikumbuka kamba ya Babu, ile ya porini iliyoning'inia mlangoni? Kila mwaka, maji yakianza kushuka, kabla ya kusimamisha miti ya mitego ya samaki, alifunga fundo moja. Alianza mwaka 1974. Tangu afariki naendelea mimi, na mwaka huu nimefunga la hamsini na mbili. Limegusa sakafu. Hakuna nafasi ya fundo jingine.

Bon, yupo mfanyabiashara anayenunua samaki wetu, anaitwa Néhémie, mtu wa Kivu Kaskazini, mwenye duka la sabuni na chumvi mtaani Kabondo. Amesoma sana, ana vitabu hadi chini ya mizani. Alikuja nyumbani, akahesabu mafundo. Baadaye alinieleza kwamba watu wa kale wa Meksiko walikuwa na kalenda mbili zilizozunguka pamoja, na kila baada ya miaka hamsini na miwili zilirudi pale zilipoanzia. Ikifika siku hiyo walizima mioto yote, wakavunja vyungu, wakangoja kuona kama jua litachomoza tena. Amepiga hesabu kwa kamba yetu, naye anasema safari hii halitachomoza. Usiku wenyewe ni wa tarehe 21 Julai. Nilimcheka siku mbili, siku ya tatu sikucheka.

Kwa hiyo nakuandikia lile ambalo sikutaka kulisema. Babu alipokuwa anakata roho, mimi nilikuwa nimerudi kutoka Kinshasa wiki mbili tu, na wewe ulikuwa umetoka kumtafutia dawa. Alinishika mkono akasema, "Pa mayi pale ni pa Rolly. Wewe ulienda, yeye alibakia." Nikatoka nje nikawaambia wazee amenipa mimi. Ndivyo ulivyonyang'anywa mahali petu pa kuvua mtoni, ukahamia Ubundu. Sitaki jua lizimike nikiwa na jambo hili kifuani. Nisamehe kabla ya siku hiyo.

Siku hizi naota mto unapita bila sauti, na sisi wawili tunatembea juu ya maji kama barabarani. Sijui maana yake.

Ndugu yako mkubwa,
Valère


Ubundu, tarehe 17 Juni 2025

Kwako Valère,

Salamu. Mimi ni mzima, watoto ni wazima, na mamangu, mama yako mdogo, anakusalimu kwa sababu sijamwambia uliyoyaandika. Mpe Ursule pole ya kikohozi. Barua yako imeletwa na mtu wa baiskeli aliyefuata njia ya reli na mzigo wa mafuta ya mawese, ina doa kubwa jekundu lakini inasomeka.

Nimeisomea juu ya reli. Treni haijapita muda mrefu, majani yameota katikati, na vipepeo wanatua juu ya chuma na kulala. Nilikaa pale mpaka alasiri. Nilijua, yaya, ndugu yangu mkubwa. Nilijua tangu siku ile, kwa sababu ulipotoka ndani, nami nimeshafika na dawa, ulimtazama kila mtu isipokuwa mimi. Kujua ni jambo moja na kuyasoma ni jambo jingine.

Kuhusu kamba na watu wa Meksiko sina la kusema. Kuhusu msamaha ninalo. Uongo ule hukuniambia mimi, uliwaambia wazee wa maporomoko, wote wakiwa wamesimama. Basi nenda ukawaambie walewale, kabla ya tarehe 21. Papa Bonheur, mkubwa wao, bado yu hai, nasikia habari zake kwa wapita njia. Ukifanya hivyo, niandikie. Usipofanya, usiniandikie tena, dunia iwepo isiwepo.

Rolly


Kisangani, tarehe 5 Julai 2025

Mdogo wangu Rolly,

Nakusalimu sana, wewe na mamangu mdogo na watoto. Kikohozi cha Ursule kimeisha. Mimi naendelea vizuri kuliko miaka yote, na usidhani nakutania.

Nimefanya. Jumapili baada ya misa niliwaomba wazee tukutane maweni mtoni. Maji yameshuka sana, yale matundu ambamo mababu walisimika miti yapo wazi, kila moja na kidimbwi chake na wingu dogo ndani yake. Nilisema yote: mkono wa Babu, maneno yake, na uongo wangu. Papa Bonheur alinisikiliza akichokora jiwe kwa fimbo. Alitaka nirudie, akijifanya hakusikia, nami nikarudia. Halafu akatangaza kwamba kuanzia leo mahali pale ni pa Rolly. Hakuna aliyenitukana, ingawa ningefurahi kama wangenitukana.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwepesi. Mtaa mzima uko hivyo, maana Néhémie amewaeleza wote hesabu yake, nao wameamini. Watu wanasameheana maneno ya zamani, wanasalimiana polepole, hakuna anayekimbilia kitu. Ursule amegawa masufuria yake. Néhémie anagawa chumvi bure na haoni haya kulia dukani. Nimemweleza Mamie kwamba tarehe 21 tutalala wote pamoja na huenda tusiamke, akaniuliza kama meno yake yatakuwa yameshaota.

Miti sijakata. Ya nini?

Kama hatutaonana tena, ujue nilikupenda tangu ulipokuwa unanifuata kwenye mawe na kikapu kikubwa kukuzidi.

Yaya yako,
Valère


Kisangani, tarehe 24 Julai 2025

Rolly,

Habari za huko? Sisi tupo. Kama unavyoona, tupo.

Siku ile ilianza vizuri mno. Hapakuwa na moshi hata nyumba moja, hapakuwa na kelele za baiskeli za toleka zikitafuta abiria barabarani, na mto ulisikika hadi Kabondo. Tulivaa nguo safi tukakaa maweni tangu mchana, tukila ndizi mbivu kwa kuwa hakuna aliyepika. Watu waliimba kwa sauti ya chini. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kukuandikia. Kesho yake jua likachomoza palepale linapochomozaga, likatukuta tumelala na midomo wazi, na jogoo wa Papa Bonheur akawika kama ana hasira nasi.

Sasa Ursule anapita nyumba kwa nyumba akiomba masufuria yake, na kuna mama mmoja anayeapa kwamba sufuria kubwa ni yake tangu zamani. Néhémie amefunga duka. Mamie hataki kulala. Kila akifumba macho anauliza kama ni leo.

Na mimi sina mahali pa kuvua. Papa Bonheur amesema miti ya pale isimikwe na Rolly au na atakayetumwa na Rolly, na kama haitasimama kabla maji hayajapanda, mahali patapewa familia nyingine, ndivyo desturi. Nina mke na mtoto, Rolly. Nakuomba, mwandikie Papa Bonheur kwamba hupataki, kwamba unaniachia. Una maisha yako Ubundu. Yale niliyasema nikidhani hakuna kesho. Mtu hawezi kushikwa kwa maneno ya siku kama zile.

Najua ninavyosikika. Niandikie upesi.

Valère


Ubundu, tarehe 8 Agosti 2025

Yaya Valère,

Salamu kwako, kwa Ursule, na kwa Mamie zaidi. Sisi tunaendelea. Mama alipata homa kidogo, sasa anakula.

Nimechelewa kwa sababu nimeandika barua hii mara tatu na kuichana. Ya nne ndiyo hii.

Mwaka mmoja kabla Babu hajaugua, wewe ukiwa Kinshasa, nilikwenda naye porini kukata kamba. Alikata moja, akaipima kwenye mlango wa nyumba, kutoka juu hadi sakafuni. Nilimwuliza hii ya pili ni ya nini, maana ile ya zamani ilikuwa bado ina nafasi. Akasema, "Ile ikifika chini, utatundika hii." Hakuna zaidi. Kamba iliishia kwenye fundo la hamsini na mbili kwa sababu mlango wetu ni mfupi. Nilipoondoka niliitia hiyo ya pili kwenye mfuko wangu pamoja na nguo. Iko hapa, haina fundo hata moja.

Nilijua hayo niliposoma barua yako ya kwanza. Nilikaa juu ya reli nikayafikiria alasiri nzima. Nikikuambia, nilijiambia, hofu itakutoka, na ukweli utaurudisha mfukoni. Nikanyamaza. Nilitaka useme mbele ya wazee, na sikujali utasema kwa njia gani. Wakati ule nililala vizuri. Barua yako ya kwanza ya Julai ndiyo iliyoninyima usingizi, pale Mamie alipouliza habari za meno yake. Mtoto ambaye sijamwona aliagwa na babake kwa sababu mimi nilikaa kimya.

Sitamwandikia Papa Bonheur kwamba nakuachia. Mahali ni pangu na unajua. Ila usinione mtu safi, sivyo. Mwambie Mamie tangu leo kwamba kamba ya pili ipo na ni ndefu kama ya kwanza.

Mdogo wako,
Rolly


Kisangani, tarehe 20 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Salamu. Mamangu mdogo apone kabisa. Hapa Ursule amepata masufuria yote isipokuwa lile kubwa.

Katika barua yako nilimsomea Mamie kile kipande cha kamba. Alitaka kujua ni miaka mingapi, nikamwambia hamsini na miwili mingine. Akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akalala. Kisha nikatoka nje nikakukasirikia sana. Nilimuaga mke wangu, Rolly. Nilimuaga mtoto. Ungeweza kumtuma mtu yeyote wa baiskeli na mstari mmoja. Nimekukasirikia wiki nzima, na bado sijamaliza.

Jana Papa Bonheur aliniita maweni mbele ya wazee wote. Aliniuliza, "Valère, maneno yako ya siku ile iko palepale, ao ilikufa na dunia yako?" Jua lilikuwa juu, wanawake wanaosha nguo, hakuna aliyekuwa akingoja chochote. Nilifikiria familia yangu, na nikafikiria barua niliyokuandikia mwisho wa Julai, ambayo naionea aibu. Nikasema iko palepale. Nikarudia yote, mkono wa Babu na maneno yake, na safari hii nilikuwa natoka jasho. Ile ya kwanza ilikuwa rahisi, nilikuwa naondoka duniani. Ya jana nilijua nitakutana na wazee wale leo, na kesho, na kila siku sokoni.

Usinisamehe haraka, nami sitakusamehe haraka. Lakini njoo kabla maji hayajapanda. Nimekata miti kumi na miwili kwa jina lako, na mti wa tundu la katikati hausimamishwi na mtu mmoja.

Yaya yako,
Valère