Tulizirudisha Ngazi, Sasa Shangazi Hawezi Kuzishuka

Mshauri mpendwa,

Shikamoo kama unastahili, na kama tu rika moja basi ipokee hivyohivyo, maana leo sina utulivu hata wa kukisia umri wa mtu. Naomba msaada wako na naomba uharakishe. Nakuandikia nikiwa kazini, mimi ni mpokezi wa kliniki ya meno, kwa hiyo ukiona nimerukaruka ujue kuna mgonjwa ameingia ameshika shavu.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kundi la mashabiki wa mchezo wa jukwaani uitwao Nyumba ya Bi Funguo, ule wa nyimbo mwanzo mwisho, ambao wengi wetu tuliuona tukiwa watoto na hatujapona mpaka leo. Kama hukuuona, Bi Funguo ni mwenye nyumba, na wapangaji wake wako chini wanacheza na kumsengenya, mara taa zote zinazimika, halafu juu kabisa ya ngazi inawaka taa moja ya mkono na yeye anaanza kushuka akiimba, taa mkono huu, shada la funguo mkono ule, na kila akikanyaga kidato mpangaji mmoja ananyamaza. Ukumbi mzima ulikuwa unasahau kupumua. Na Bi Funguo huyo, mshauri, alikuwa shangazi yangu, dada wa baba yangu kabisa, mimi nimekaa mapajani kwa baba safu ya nyuma nataka kupiga kelele kwamba yule ni wetu.

Basi mwaka huu tukasikia mchezo unarudi, tukafurahi mpaka tukakesha tukiandikiana, halafu picha zikatoka. Bi Funguo kapewa msichana mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, na mbunifu wa jukwaa kaondoa ngazi zote, kaweka milango mitupu imesimama yenyewe bila kuta, na vigoda. Kundi likawaka moto. Kuna mwenzetu tunamwita Kinyozi kwa sababu ndiyo kazi yake, akaandika, "Milango bila nyumba? Hilo si jukwaa, hilo ni duka la seremala!" Mwalimu wa Hesabu naye akamwaga maelezo marefu kwamba Bi Funguo asiposhuka kutoka juu basi wapangaji hawana wa kumwogopa na mchezo mzima umekufa. Wachache walisema jamani tumpe msichana nafasi, milango ina maana yake, tukawazomea mpaka wakajitoa kundini. Na mimi ndiye niliyewasha kuni, nisikufiche. Mimi ndiye niliyetunga ule usemi wa "Bi Funguo ni mmoja", mimi niliyewaambia kila mtu achukue funguo za nyumbani kwake twende tukasimame nje ya lango la ukumbi tuzitikise. Tulizitikisa, mshauri, mpaka mlinzi akaziba masikio. Wapita njia walidhani tunauza makufuli.

Na tukashinda! Wenye mchezo wakasalimu amri, wakasema haya, Bi Funguo wa zamani arudi, na ngazi zijengwe upya kama zilivyokuwa, msichana atakuwa mpangaji wa chumba cha kona. Kinyozi alinyoa watu bure siku nzima. Mimi nikakimbia mpaka kwenye duka la shangazi, anauza vifungo na uzi siku hizi, nikaingia nikipiga vigelegele, "Shangazi, wamekubali! Unarudi!" Yeye akakaa juu ya boksi la vifungo. Akaniangalia. Akauliza, "Na ngazi?" Nikamwambia, "Na ngazi tumezirudisha, zote!" Akasema, "Haya." Tu. Mimi nikadhani ni furaha imemzidi.

Ngoja kuna mtoto analia hapa hataki kukaa kitini.

Nimerudi. Sasa sikiliza. Shangazi ana goti. Goti la kulia, limekuwa likimsumbua muda mrefu na hakuna aliyejua, maana dukani anakaa na nyumbani kwake ni chini, hakuna hata kidato. Mimi nimejua kwa sababu alikuja kwangu, ninakaa ghorofa ya pili, akasema anataka kufanya mazoezi kwenye ngazi za jengo letu majirani wakiwa kazini. Mshauri, anashuka ubavuubavu kama mtu aliyebeba beseni la maji, mkono mmoja kaung'ang'ania ukuta, na sauti ile ile ya zamani, sauti haijazeeka hata chembe, ndiyo inayoniua. Juzi alijaribu kuachia ukuta kwa sababu jukwaani hakuna ukuta wala kishikio, mikono yote miwili ina kazi, mmoja taa mmoja funguo. Goti likakataa. Alishuka kwa makalio vidato kadhaa mpaka nikamdaka kwapani. Akacheka, lakini kicheko cha kulazimisha, jasho linamtoka. Nikasema, "Shangazi, twende tukamwambie mwongozaji." Akanikazia macho, akasema, "Ukifungua huo mdomo, mimi si shangazi yako tena. Nimesubiri miaka yote hii watu waniite tena, halafu niwaambie nini? Goti?"

Na kule ukumbini hawajui lolote! Kwa sababu ngazi bado zinajengwa, kwenye mazoezi wamezichora tu sakafuni kwa utepe mweupe, shangazi anatembea sakafuni tambarare mwendo wa kimalkia na wote wanampigia makofi. Fundi seremala analeta ngazi zenyewe wiki ijayo. Na atasubiri kule juu gizani peke yake, mshauri, giza totoro, kabla taa haijawashwa.

Nilijaribu kwa njia ya kuzunguka. Niliandika kundini, kama utani, "Jamani, na ngazi zikiwa fupi kidogo je?" We! Kinyozi akajibu, "Mwenyekiti umenunuliwa?" Mwalimu akaniuliza kama nimesahau tulichokuwa tunapigania. Nikafuta haraka nikasema simu ilishikwa na mtoto, na mimi sina mtoto. Hata yule msichana tuliyemtoa amenichanganya zaidi, alienda dukani kwa shangazi kumwamkia, akapiga goti, akamwomba amfundishe jinsi ya kuvuta pumzi, shangazi kamsifu mpaka basi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

Silali vizuri, kazini nimempigia mgonjwa wa kung'oa nikamwambia aje kusafishwa, simu ikilia naruka. Nikisema, nitampoteza shangazi na kumnyang'anya kitu alichokisubiri nusu ya maisha yake, na kundi litaniita msaliti. Nikinyamaza, siku ya ufunguzi nitakuwa safu ya mbele nikimwangalia akishuka, au akianguka. Wewe ungefanya nini? Nisaidie, nimebanwa kotekote.

Wako,
Mpokezi Asiyetulia

---

Mpokezi,

Marahaba, nastahili, na kwa umri huo huo nitakuambia mambo bila kuyapaka sukari.

Kwanza pole. Hofu uliyonayo ni ya haki, na inaonyesha kwamba unampenda huyu mama. Sasa kaa vizuri ukemewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wewe umechimba, halafu unamwingiza shangazi yako. Mlipigania sauti yake, jina lake, ngazi zake, mkatikisa funguo mpaka mlinzi wa watu akaziba masikio, na katika vurugu zote hizo hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda kwenye duka la vifungo akamuuliza mwenyewe, "Mama, unataka? Na unaweza?" Nimeisoma barua yako mara mbili nikilitafuta hilo swali. Halipo. Ulikwenda kumpa habari, hukwenda kumuuliza. Na yeye alipouliza kuhusu ngazi, alikuwa anakuambia kila kitu kwa swali moja, wewe ukaendelea na vigelegele.

Nisiwe mnafiki. Mchezo huo mimi niliuona, na niliposikia ngazi zimerudi roho yangu ilichangamka kama yenu. Tulichokuwa tunakitaka sisi sote ni ile jioni ya utotoni, safu ya nyuma, mapajani kwa baba. Hiyo hairudi hata mkijenga ngazi mpaka mawinguni. Aliyerudi ni mwanamke mtu mzima mwenye sauti nzima na goti bovu, na huyo ndiye mnayetakiwa kumpenda, kama kweli ni yeye mliyekuwa mnampenda.

Unasema ukifungua mdomo utamnyang'anya alichokisubiri. Wewe unajuaje alichokisubiri? Alikuambia kwa kinywa chake: kuitwa tena. Ameshaitwa. Hakusema amesubiri kushuka. Ninyi ndio mlioamua kwamba bila kushuka Bi Funguo si Bi Funguo, na Mwalimu wenu akalipigia hesabu. Shangazi yako anawaamini, ndiyo maana anajiburuza kwenye ngazi za jengo lako majirani wakiwa kazini. Anaogopa kwamba akisema "goti", mashabiki watasema "basi". Na kwa jinsi ulivyoniambia mlivyowazomea wale wachache, sijui kama anakosea.

Fanya hivi, na ufanye wiki hii kabla seremala hajaleta mzigo, maana leo ni kuchora upya na wiki ijayo ni kubomoa.

Nenda dukani kwake mchana, mkiwa wawili tu. Mwambie kwamba wewe ndiye uliyeanzisha kelele zote bila kumuuliza, na umwombe radhi kwa hilo bila visingizio. Kisha mwambie waziwazi kwamba mwongozaji lazima ajue, na kwamba unataka ajue kutoka kwake yeye, wewe ukiwa umekaa pembeni ukimshikia mkoba. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika ukumbi uliojaa watu kumuumbua hakuchukui muda. Akikubali, nendeni pamoja. Jinsi ya kumwingiza Bi Funguo bila kumvunja ni kazi ya mwongozaji na mbunifu, wanalipwa kwa hilo, usiende na michoro yako mfukoni. Hata hivyo, nitashangaa sana kama watu waliofikiria kusimamisha milango bila kuta watakosa njia ya kumfanya mwanamke mwenye sauti ile atishe akiwa amekaa.

Akikataa, mwambie hapohapo kwamba basi utakwenda wewe, na umwambie siku na saa. Usimzunguke. Kumsema mtu waziwazi kwa faida yake ni jambo moja, kumsema kisirisiri ni jambo jingine, na la pili ndilo litakalovunja undugu. Atakasirika. Atasema tena kwamba si shangazi yako. Mwache aseme, damu haifutwi kwa hasira ya wiki moja. Heri shangazi aliyekununia akiwa nyumbani kwake kuliko shangazi anayekushukuru kutoka kitanda cha hospitali. Na likitokea kwamba nafasi inarudi kwa yule msichana, usiombe radhi kwa mtu yeyote. Amekuja kupiga goti na kuomba kufundishwa baada ya ninyi kumtoa, kwa hiyo wewe unadaiwa salamu naye kabla ya yote.

Kuhusu kundi. Goti si lako, usiligawe. Kinyozi hana haki ya kujua habari za mwili wa shangazi yako kwa sababu tu alitikisa funguo. Waambie yaliyo yako: kwamba mlimpigania mtu bila kumuuliza mwenyewe anataka nini, kwamba wale mliowazomea hawakuwa wajinga, na kwamba unaachia uenyekiti. Watakuita msaliti, watakuita umenunuliwa, halafu watapata jambo jingine la kugombania, labda rangi ya mapazia. Mashabiki tuko hivyo.

Mwisho, na hili ndilo kubwa. Umekaa kwenye dawati la kazi, wagonjwa wakisubiri, ukaniandikia mimi, mtu usiyemjua sura, nikuambie shangazi yako anataka nini. Mimi sijui. Wewe hujui. Anayejua anauza uzi, na duka lake liko wazi sasa hivi. Ukifika, usianze na goti wala na ngazi. Mwamkie, vuta kiti, muulize anataka nini, halafu nyamaza. Akichelewa kujibu, endelea kunyamaza.