Mume wangu kasahau kipaza sauti

Shoga, ngoja nikusimulie yaliyonikuta leo. Treni imetukwamia katikati ya handaki, chini ya bahari, taa zikazimika. Na dereva ni mume wangu.

Akatutangazia tutulie, ni hitilafu ndogo tu. Kumbe hakuzima kipaza sauti. Tukamsikia akimwambia msaidizi wake, "Naogopa, ndugu yangu. Mke wangu yumo humu. Asijue."

Asijue, na behewa zima linasikia.

Nikapapasa gizani mpaka kwenye mlango wake, nikagonga. "Nimeshajua," nikamwambia. Haruhusiwi kufungua. Tukazungumza hivyo hivyo, mlango katikati, mpaka treni ikasogea.

Tumefika salama. Abiria wote wameshashuka, yeye bado yumo ndani, anaona haya kutoka. Nimemwambia siondoki bila yeye.