Majoram Ambayo Haikuwemo

Shangazi Roswitha mpendwa,

Nasoma majibu yako gazetini kila wiki, na leo naomba unisaidie mimi, kwa sababu nilimdanganya baba yangu mara moja na sasa inanilazimu nimdanganye kila siku. Nina miaka kumi na mitano, nyumbani tuko wawili tu, na baba ana bucha hapa kijijini kwetu Thuringia, Ujerumani. Kila vuli tunaifunga kwa wiki moja tunakwenda nchi za watu kuonja soseji zao na vyakula vya barabarani, tumeshafika Krakow na Vienna, na desturi yetu ni kwamba baba huuma kwanza, hufumba macho, hutaja viungo kimoja kimoja, ndipo hunipa mimi.

Lakini tangu mafua makali ya Februari, baba hasikii harufu, wala ladha ya viungo. Hajaniambia. Nilijua siku maziwa yalipoungua jikoni, moshi umejaa, naye amekaa palepale anasoma gazeti.

Mwaka huu tulikwenda Hungaria. Sokoni Debrecen, kwenye kibanda cha mama mmoja mcheshi, baba alinikatia mimi kipande cha kwanza, nikafurahi nikadhani ameona nimekua, nikasema, "Tamu, baba." Ndipo naye akauma, akafumba macho, akasema, "Majoram. Wameizidisha." Ni yale majani makavu ya kiungo tunayotia kwenye soseji za kwetu.

Yule mama alicheka mpaka akashika meza. "Majoram? Mzee wangu, humu mna pilipili nyekundu na kitunguu saumu tu! Hiyo majoram umekuja nayo mfukoni?"

Foleni nzima ikacheka. Baba akanigeukia, masikio yamemwiva. "Merle, wewe unasikiaje?"

Nami, Shangazi, nikasema, "Ipo, baba. Kwa mbali."

Akashusha pumzi, akamwambia yule mama, "Umesikia? Mtoto wa bucha huyo, hadanganyiki."

Tangu turudi, kila asubuhi kabla sijaenda shule ananiita nionje nyama kabla haijajazwa kwenye utumbo wa soseji, na majoram anaiongeza tu, na akiniuliza, "Inatosha?" nasema inatosha, maana nikisema imezidi atajua nilimdanganya kule. Juzi Bibi Hanke alirudisha soseji zake mbele ya wateja: "Bwana Eckardt, hii ni soseji au umenisagia bustani?" Baba alicheka naye, kisha akaingia chumba cha baridi, akakaa humo muda mrefu. Jumamosi ni sikukuu ya kijiji na sisi ndio tunaochoma soseji. Nikisema kweli nitamvunja moyo, nikinyamaza bucha itakufa. Mimi sioni njia. Nimekuandikia, labda wewe utaiona.

Merle

*

Merle mwanangu,

Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikukasirikia kidogo, kwa hiyo kaa vizuri nikugombeze.

Miaka yote baba yako huuma kwanza. Mwaka huu alikukatia wewe. Hukujiuliza kwa nini? Alikuwa anausoma uso wako, mtoto. Na alipokugeukia mbele ya watu wale, wewe ulidhani anaomba umfichie aibu. Alikuwa anaomba kuazima ulimi wako. Ulimpa, kwa mapenzi, najua, lakini ulimpa ulimi wa uongo, naye ndio anaoutegemea mpaka leo. Mtu mwenye pua nzima hamwiti mtoto kila asubuhi kumuuliza kama inatosha.

Tena acha kulilia majoram peke yake. Mwenye bucha asiyesikia harufu hawezi kujua nyama inapoanza kuharibika. Hapo si suala la aibu tena. Kuna watu watakula.

Kesho asubuhi akikuita, onja, kisha sema: "Baba, imezidi. Na kule Debrecen haikuwemo." Usianze kwa kulia, anza kwa kusema. Kisha mwambie viungo vipimwe kwa mizani, si kwa kiganja, na kila nyama inayoingia uinuse wewe kwanza. Wiki ijayo nenda naye kwa daktari wa pua. Wengine harufu huwarudia, wengine hapana, sitakuahidi nisichokijua.

Jumamosi simama naye kwenye jiko la mkaa. Soseji ya kwanza ikiiva, ing'ate wewe, mbele ya kijiji kizima na Bibi Hanke akiwepo. Fumba macho, umtajie kiungo kimoja kimoja. Safari hii taja vilivyomo tu.

Shangazi Roswitha